Wilaya Niliyoifunga kwa Kidole Kimoja

Mimi shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililisomea dirishani, nikiangalia nje. Kwa hiyo ukisikia kwamba niliwahi kushika orodha ya namba laki na malaki kwenye seva ya barua pepe pale Mikumi, ukacheka, sina kinyongo. Mke wangu anacheka mpaka leo, na mshahara wa kazi hiyo aliyekuwa anaula ni yeye.

Nilianza kama mlinzi wa kawaida. Bosi wetu, mtu wa Morogoro, alikodi chumba na nusu nyuma ya duka la vipuri, kando ya barabara kuu ya Iringa. Kwenye chumba kizima akaweka kompyuta kubwa isiyozimwa mchana wala usiku, ndiyo hiyo wanaiita seva. Kwenye kile cha nusu akaniweka mimi na ndoo ya kudekia. Seva ilikuwa inapokea na kutuma barua pepe za mahoteli ya wageni wa mbuga, gesti mbili tatu, na chama cha wakulima wa mpunga kule Kilosa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha haichukuliwi na mwizi wala nyani. Nyani wa Mikumi si wa kutania. Kuna mmoja aliingia pale dukani mbele, akatoka na plagi nne, na watu wanasema alisubiri risiti.

Fundi wa ile seva alikuwa binti mmoja mwembamba, mpole, anavaa miwani mikubwa kama vioo vya lori. Siku ya kwanza aliponikuta mlangoni alinyoosha adabu yake vizuri.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mtu wa wapi wewe?"

"Rudewa."

Nikafurahi, maana na mimi Rudewa ndiyo kwetu. "Rudewa ya upande gani?"

"Ule wa ng'ombe."

Furaha ikapungua kidogo. Kwetu sisi ni watu wa jembe, na watu wa jembe na watu wa ng'ombe pale Rudewa wana kesi nyingi kuliko mvua. Nikamwambia, "Kumbe wewe ndiye uliyekula mahindi yangu."

Hakutikisika hata kope. Akasema, "Yalikuwa hayajakomaa, Babu. Yalitusumbua tumbo."

Toka siku hiyo akawa mjukuu wangu. Nina wajukuu wengine wa damu, sita, lakini hakuna hata mmoja anayejibu upesi hivyo.

Kuingia kwangu kwenye hizo namba kulitokana na joto. Mikumi mwezi wa kumi na moja joto lake unaweza kukaanga yai kwenye kofia ukiwa umeivaa. Nikawa natafuta sababu ya kukaa kwenye chumba cha seva, kwa sababu seva ilinunuliwa kipoza hewa na mimi sikununuliwa. Binti alikuwa anahakiki namba, moja skrini hii, nyingine skrini ile, macho yanamtoka. Nikamwambia, "Lete nikusomee. Mimi nilihesabu miwa kule Ruaha miaka kumi na tisa. Herufi zinanipiga chenga, ila namba ni shemeji zangu."

Akaniwekea kiti. Nikaanza kumsomea, yeye anatiki. Hapo ndipo nikajua kazi ya mlango wa barua.

Kila kompyuta inayotuma barua duniani ina namba yake. Namba hiyo ina vipande vinne, katikati nukta. Binti alinifundisha mara moja nikaelewa. "Babu, kipande cha kwanza chukulia ni mkoa. Cha pili wilaya. Cha tatu kata. Cha nne ndiyo nyumba yenyewe." Basi nyumba ikituma barua taka, yaani zile za kusema umeshinda gari usilolichezea, au mjane wa jenerali anataka kukutumia dhahabu, unaiandika namba yake kwenye orodha. Ikija tena, geti halifunguki. Unaweza kufunga nyumba moja. Ukiacha kipande cha mwisho, umefunga kata yote, nyumba mia mbili hamsini na sita. Ukiacha viwili vya mwisho, umefunga wilaya, nyumba elfu sitini na tano na ushee. Nilimuuliza mara tatu kama hajakosea hesabu. Elfu sitini na tano, na kidole ni kimoja tu.

Orodha yenyewe haikuwa ya kwetu peke yetu. Kila asubuhi zilikuwa zinakuja orodha nyingine kutoka kwa watu wa nchi za mbali, watu ambao kazi yao ni kuandika namba za wakorofi na kuwagawia wenzao. Ukizichapa zote kwenye karatasi ungetandika kutoka Mikumi mpaka Kidodi, ukarudi nazo, na zingebaki za kufungia maandazi. Mwanzoni seva ilikuwa inazisoma kutoka juu mpaka chini kila barua ikija. Wewe ndiye huyu? Siye. Ndiye huyu? Siye. Barua inasubiri getini mpaka inaota ndevu. Wenye mahoteli wanapiga simu, "Mbona mgeni ameshafika na barua ya kusema anakuja haijafika?"

Binti ndiye aliyeinyoosha. Akatoa namba zilizojirudia. Pale ambapo kata nzima ni wezi watupu akaziunganisha zikawa mstari mmoja. Kisha akazipanga kama kwenye kabati la droo, kila mkoa na droo yake, seva ikawa haiulizi wote, inavuta droo moja tu inatazama. Barua zikaanza kuingia kama maji. Na kila namba aliyoifunga kwa mkono wake aliipa siku saba tu, zikiisha inafunguka yenyewe.

Hilo la siku saba tulibishana sana.

"Mwizi unamfungia wiki moja? Akirudi?"

"Akirudi nitamfunga tena. Nyumba zinahama watu, Babu. Leo anakaa mwizi, kesho anapanga mwalimu."

"Kwetu ng'ombe akiingia shambani tunashika kundi zima, tunaweka zizini. Mwenyewe akija na wazee wake, tunaongea, analipa, anachukua. Asipokuja, wanakaa."

"Hata wale ambao hawakula?"

"Wote. Tutajuaje nani hakula? Ng'ombe wanafanana."

"Hawafanani," akasema, na alisema kama nimetukana nyumba yao. "Mimi nikiwa na miaka saba nilijua ng'ombe wa baba mmoja mmoja, mia na kumi. Aliyekula shamba unamjua kwa mdomo wake. Unamtoa huyo, wengine wanaenda majini."

Niliona ni maneno ya watu wa ng'ombe kutetea ng'ombe. Sikumwambia, nikasonga ugali wangu.

Akaniamini lakini. Alikuwa anakwenda Kilosa kila mwisho wa wiki, mama yake alipanga chumba kule karibu na soko, na barua taka hazina mwisho wa wiki. Kwa hiyo akanitengenezea ukurasa wangu mwenyewe kwenye kompyuta, herufi kubwa kama za bango. Sehemu ya kuandika namba. Vitufe vya nyumba, kata, wilaya. Chini vitufe vya muda: saa moja, siku saba, siku zote. Akanionya, "Cha wilaya ni kwa moto mkubwa tu, na usikiache zaidi ya saa moja." Nikasema sawa. Bosi alipokuja akaniona nimekaa kwenye kiti cha magurudumu nabofya, alisimama mlangoni kama mtu aliyemkuta mbuzi anaendesha basi.

Sasa mwaka huo binti aliomba chuo. Chuo cha mitandao, kule jijini, na ada analipiwa, watu wachache sana wanachaguliwa. Aliniambia mimi kabla ya bosi. Nakala ya fomu yake aliibandika ukutani pembeni ya meza yake. Mahali pa kuandika anwani ya barua pepe aliandika ile ya ofisini. Nilimuuliza kwa nini asiandike zile za bure watu wanazotumia kwenye simu.

"Babu, ninaomba kwenda kusomea kulinda milango. Niwape anwani ya mlango wa mtu mwingine?"

Nilijivuna kwa niaba yake. Ila nitasema kweli, furaha yenyewe ilikuwa nusu. Mtu ukishazoea kutukanwa vizuri kila asubuhi, halafu uambiwe anayekutukana anaondoka, hata chai inabadilika.

Ikaja Jumamosi moja. Yeye yuko Kilosa, mimi niko na seva. Saa tatu asubuhi simu ya kwanza, mama mwenye gesti: "Baba, nimeshinda magari kumi na moja tangu niamke." Nikatazama, nyumba moja ndiyo inatuma. Nikaifunga. Ikaja ya jirani yake. Nikaifunga. Ikaja ya kata ya pili. Nikaifunga, ikaja ya kata ya tisa. Wote wa wilaya moja. Wanaruka kama panzi, huyu nikimkanyaga yule yuko begani. Simu zinalia tatu kwa pamoja, nyingine si yangu hata sijui ilifikaje. Mpaka saa saba nimefunga nyumba arobaini na mkono umekufa ganzi, na mbele yangu wanazidi kuja.

Nikaliona shamba langu la Rudewa. Wallahi nililiona, mahindi yamelala chini, mikia ya ng'ombe inapunga hewani. Nikasema, haya, zizini wote. Nikaandika mkoa na wilaya, nikaacha vipande viwili, nikabofya wilaya. Kwenye muda nikabofya siku zote. Mwenye kundi akija tutaongea.

Kimya kikashuka. Simu zikanyamaza. Nikala chakula cha mchana kama gavana.

Jumatatu binti alipofika nilimwambia, "Walikuja wengi, nimewamaliza." Akaangalia seva imetulia, barua za wateja safi, akasema, "Babu, wewe ungezaliwa na kompyuta." Hakuniuliza nimewamaliza vipi, na mimi sikusema. Mstari wangu ulikuwa mmoja kati ya laki tatu. Hata mimi mwenyewe ungeniambia niuonyeshe, ningehitaji siku mbili na mwongoza njia.

Jumatatu hiyo hiyo chuo wakampigia simu. Amechaguliwa. Barua imetumwa asubuhi hiyo, ndani yake kuna mahali pa kubofya kukubali nafasi, mwisho ni Ijumaa saa kumi jioni. Asipobofya, nafasi anapewa anayefuata. Alikaa chini, akavua miwani, akaifuta ikiwa safi.

Barua haikuja.

Jumanne haikuja. Akapiga, karani akasema, "Sisi tumetuma, angalia vizuri." Akaangalia kwenye barua nzuri, akaangalia kwenye kapu la barua taka, akaangalia mpaka kwenye barua za chama cha mpunga. Jumatano akapiga tena akaomba watume kwenye anwani nyingine. Karani akasema mfumo unatambua anwani ya kwenye fomu tu. Akafanya jambo la maana, akaitafuta namba ya kompyuta ya chuo kwenye orodha yetu, tarakimu kwa tarakimu. Haimo. Akanigeukia akasema, "Basi si sisi." Na mimi nikaitikia kwa kichwa, kama mjuzi.

Alhamisi hakula. Nilimletea wali maharage kutoka kwa mama ntilie wa stendi, akausogeza. Nikamtania kwamba ng'ombe wao wangefurahia sahani hiyo. Hakujibu. Hapo ndipo nilipoogopa. Yule binti kukosa jibu ni kama mto Mkondoa kukauka wakati wa masika.

Ijumaa alfajiri akaondoka na gari la kwanza kwenda Kilosa, apande treni, aende chuoni mwenyewe akawaombe. Kutoka Mikumi mpaka Kilosa barabara ile unaijua, matuta yake yanakurefusha au yanakufupisha, inategemea ulivyokaa. Halafu asubiri treni ya mchana, halafu jiji na foleni zake, na siku yenyewe Ijumaa, makarani wanatoka mapema. Alijua kama nilivyojua mimi. Alienda tu kwa sababu kukaa kulimshinda.

Nikabaki na seva. Nikadeki, halafu nikafungua kitu ninachokipenda kuliko redio, kitabu cha geti. Ni ukurasa unaoonyesha waliokataliwa, namba na saa, namba na saa. Mimi nasoma tabia zao. Mlinzi ukikaa getini miaka mingi unamjua mtu kwa anavyobisha. Hawa wa barua taka hawajui kubisha. Ama anagonga mara mia kwa dakika moja kama anadai maiti, ama anagonga mara moja akikataliwa anakimbia.

Asubuhi ile nikaona mmoja anabisha kwa adabu. Alibisha, akasubiri kidogo. Akabisha tena, akasubiri nusu saa. Kisha akawa anakaa saa nne nzima ndipo anabisha mara moja, anatulia. Nikarudi nyuma kwenye kitabu. Alhamisi yupo. Jumatano yupo. Jumatatu asubuhi ndiyo hodi yake ya kwanza. Siku ya tano huyu mtu amekaa nje, hatukani, hapandi ukuta, kila baada ya saa nne anasema hodi wenyewe.

Nikajua huyu ni mgeni. Mgeni wa kweli, mwenye mzigo wa mtu.

Binti alinifundisha kuiuliza kompyuta namba fulani ni ya nani, inakuletea jina. Ikaleta. Kusoma naweza, ila polepole, kama mtu anayekagua mchele. Nikaenda kwenye ile fomu ukutani, nikasoma jina la chuo herufi moja, nikarudi kwenye skrini nikasoma herufi moja. Nikafanya hivyo mpaka mwisho wa jina, nikienda na kurudi. Zilikuwa sawa zote.

Halafu nikatazama mkoa na wilaya ya hiyo namba.

Ndiyo ile wilaya. Nimefunga kundi zima kungoja mwenyewe aje kulalamika, na mlango wa kuja kulalamika ndio huo huo niliofunga. Ng'ombe ukiwaweka zizini wanalia, mwenyewe anasikia anafuata sauti. Namba hazilii. Na binti alipotafuta hakukuta kwa sababu alitafuta nyumba, na mimi sikuandika nyumba.

Ilikuwa saa tatu na nusu. Hodi ya mwisho ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo ijayo ni saa nne. Nikachukua chupa nikamimina chai.

Nitalisema hili kwa sababu nilishamwambia binti mwenyewe. Ile chai niliinywa polepole. Dakika kumi nilikaa nayo nikifikiri kwamba hakuna mtu duniani anayejua, isipokuwa mimi na seva, na seva haisemi. Nikinyamaza, Jumatatu atarudi. Atalia wiki mbili, nitamletea wali, siku moja atanijibu, tutaendelea na namba zetu mpaka nife. Nilikuwa nampenda yule mtoto, na upendo nao ukiuachia shamba unakula.

Chai ikaisha. Nikampigia. Simu yake haipatikani, labda bado yuko kwenye mabonde ya njiani. Nikavuta kiti, nikaandika mkoa na wilaya, nikabofya fungua.

Lo, walivyoingia. Wale panzi wote walikuwa wamekaa nje ya ukuta wananisubiri. Mara hii nikawachukua mmoja mmoja. Huyu, funga nyumba. Huyu, funga nyumba, siku saba. Huyu namjua mdomo wake, funga. Mama mwenye gesti akapiga, "Baba, magari yamerudi." Nikamwambia, "Yaegeshe mama, nina kazi." Nilifunga mpaka vidole vikawa vinatoa moshi. Pale katikati ya kundi nikawa namlinda yule mmoja nisije nikamkanyaga, kama mtu anayevuka kwenye tope na yai mdomoni.

Saa nne ikafika. Hakuna kitu. Saa nne na dakika tano. Kumi. Nikasema amechoka, mgeni gani atabisha siku tano. Nikafunga nyumba nyingine tatu bila kutazama skrini ya pili, kwa woga. Saa nne na dakika kumi na mbili nikatazama. Mstari wa kijani, namba yake, na neno ambalo nalisoma bila kusita hata gizani: imepokelewa.

Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga. Haipatikani. Mara ya nane ikaita, nikasikia kelele za watu na tangazo la stesheni.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Stesheni Kilosa. Bado sijapanda. Kuna nini, seva imezima?"

"Fungua barua zako."

"Babu, nimeangalia wiki nzima."

"Angalia ya sasa hivi, mwanangu. Kabla hujapanda."

Nikasikia mtu anauza karanga. Nikasikia mtoto analia. Nilikaa na ile simu sikioni mpaka nikahisi sikio limehamia upande wa pili.

"Imekuja," akasema. Sauti ndogo. Halafu tena, "Imekuja, Babu. Ngoja nibofye."

"Bofya. Soma kwanza usije ukabofya kukataa."

"Nimebofya. Wameandika wamepokea." Akavuta pumzi. "Ilikuwa wapi?"

Hapo ningeweza kusema chochote. Uongo ninao wa kutosha wilaya mbili. Nikasema, "Ilikuwa getini kwetu tangu Jumatatu. Ile Jumamosi nilishika kundi zima."

"Kundi gani?"

"Wilaya. Siku zote."

Mwenye karanga akapita tena.

"Na leo asubuhi nilipojua," nikasema, "nilikunywa chai kwanza. Dakika kumi. Sikutaka uende."

Nilikuwa tayari kutukanwa Kirudewa cha pande zote mbili.

"Babu," akasema, "na mimi nilitafuta nyumba. Fundi mzima, nimetafuta nyumba, sikutafuta wilaya. Ningefanya hivyo kwenye mtihani wangenifukuza." Akaanza kucheka, akachanganya na kulia, mpaka mwenye karanga nikamsikia anamuuliza kama kafiwa. "Tiketi hii sasa nifanye nini?"

"Rudisha. Kawanunulie karanga hao watu, umewatisha."

Jioni alirudi Mikumi na mfuko wa karanga. Akakaa kwenye kiti chake, akavuta orodha ya niliowafunga siku hiyo, akaipitia yote. Nyumba mia moja na saba. Akasema hakuna hata moja niliyoikosea. Kisha akatengeneza mlango mdogo wa pembeni, anwani moja isiyofungwa na orodha yoyote, ili mtu aliyefungiwa kwa bahati mbaya awe na mahali pa kuja kulalamika. Alisema mafundi wote wanajua kwamba lazima uwepo, na kwetu ulikuwa umesahaulika tangu seva ilipowekwa pale.

Mwezi uliofuata akaenda chuo. Nilimsindikiza mpaka Kilosa, mama yake akanishukuru kwa lugha yao, nikajibu kwa lugha yetu, tukaelewana vizuri kuliko kesi zote za Rudewa. Bosi akamleta fundi wa kuja mara moja kwa mwezi. Siku nyingine zote ni mimi.

Wiki ya pili bila yeye, panzi wakaja tena. Nikafungua ukurasa wangu. Kitufe cha nyumba kipo. Cha kata kipo. Pale pa wilaya pamebaki kipara. Nikaangalia kwenye muda, siku zote nayo haipo. Nikampigia hapo hapo.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Kitufe changu kiko wapi?"

"Kipi?"

"Usijifanye hujui. Cha wilaya."

"Nimekuja nacho chuoni."

"Utakirudisha lini?"

"Nikimaliza. Miaka mitatu."

"Sasa nitafanyaje, wako hapa wamejaa?"

"Mmoja mmoja, Babu. Wanao midomo, watazame."

Nyuma yake nikasikia wenzake wanacheka, anawaambia huyo ndiye aliyemfundisha kazi. Nikamwambia aache uongo mbele ya watu. Nikakata simu, nikavuta kiti, nikaanza na aliyekuwa karibu.